Uzoefu wa Kazi kwa Mtandao katika Kampuni Kubwa za Uhasibu

Uzoefu wa kazi kwa mtandao ni mpango unaompa mwanafunzi, au kijana anayetafuta ajira, nafasi ya kuonja kazi za kampuni bila kufika ofisini. Kampuni za uhasibu na ukaguzi wa hesabu zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuukumbatia, hasa zile nne zinazoongoza duniani: Deloitte, PwC, EY na KPMG. Jina la mpango ni moja, lakini ndani yake mna mambo matatu yasiyofanana, na ubishi mwingi kuhusu faida yake hutokana na kuyachanganya.

La kwanza ni mazoezi ya kuigiza. Kampuni huandaa kazi chache zinazofanana na za ofisini, huziweka kwenye jukwaa la mtandaoni, na yeyote duniani hujiandikisha bure. Hakuna mchujo wala ratiba, na hakuna mtu upande wa pili. Kazi humalizika kwa saa chache, na mwisho wake mshiriki hupakua cheti. La pili ni juma la kuifahamu kampuni, ambalo ni la kawaida Uingereza kwa wanafunzi wa sekondari ya juu wenye umri wa miaka 16 au 17. Hapa kuna maombi na mchujo, vipindi vya video vya moja kwa moja, kazi za vikundi, na wafanyakazi wanaojibu maswali. La tatu ni mafunzo kazini kamili yaliyohamishiwa nyumbani, yenye malipo, meneja na kompyuta ya kampuni. Hilo lilienea katika majira ya joto ya 2020, ofisi zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na leo sehemu kubwa yake imerudi ofisini. Mtu anaposema leo kwamba amepata uzoefu wa kazi kwa mtandao kwenye moja ya kampuni hizo, mara nyingi anazungumzia aina ya kwanza, ndiyo maana itachukua nafasi kubwa hapa.

Taaluma yenyewe ilianza kwa uanagenzi. William Welch Deloitte alifungua ofisi yake London mwaka 1845, na Samuel Lowell Price, ambaye jina lake limo katika PwC, akafungua ya kwake mwaka 1849. Taasisi ya wahasibu wa Uingereza na Wales ilipopata hati ya kifalme mwaka 1880, kijana aliyetaka kuwa mhasibu alitakiwa kuwa karani mwanagenzi kwa miaka 5 chini ya mhasibu aliyekwisha kusajiliwa. Mara nyingi mzazi ndiye aliyelipa ada ili mwanawe apokewe. Mlango wa taaluma ulifunguliwa kwa fedha na kwa kujuana, na desturi hiyo haikufa ada ilipofutwa. Ilibaki katika umbo la mafunzo ya majuma mawili yanayopatikana kwa sababu baba anacheza gofu na mbia wa kampuni.

Mwaka 2015 tume ya Uingereza inayoshughulikia usawa wa fursa ilichapisha ripoti kuhusu kampuni kubwa za sheria na uhasibu. Iligundua kwamba katika baadhi ya kampuni hizo, hadi asilimia 70 ya nafasi zilizotolewa mwaka 2014 zilikwenda kwa waliosoma shule za kulipia au shule za serikali zinazochuja wanafunzi, ingawa makundi hayo mawili ni asilimia 7 na 4 tu ya wananchi. Waajiri walitafuta kile walichokiita kipaji, lakini mara nyingi walichokipima kilikuwa lafudhi, mavazi na wepesi wa kuongea na wakubwa. Mwaka huohuo EY ya Uingereza ilitangaza kuondoa daraja la shahada katika masharti ya kuomba kazi, na PwC ikaacha kutumia alama za mitihani ya sekondari kuchuja waombaji wengi wa shahada. Mwaka 2022 PwC iliondoa pia sharti la daraja la pili la juu la shahada. Cheti cha shule kikipungua uzito, kampuni huhitaji dalili nyingine ya kumtambua anayefaa, na mwombaji huhitaji mahali pengine pa kujionyesha.

Shule nazo zilikuwa zimebadilika. Tangu 2012 shule za England hazilazimiki tena kuwapeleka wanafunzi wa miaka 14 hadi 16 kazini kwa mazoezi. Hata hivyo vigezo vya Gatsby vya mwaka 2014, vinavyotumika kupima ushauri wa ajira shuleni, vinataka kila mwanafunzi awe ameonja mazingira ya kazi angalau mara moja kabla ya kufika miaka 16. Shule iliyoko mbali na jiji kubwa haina kampuni ya ukaguzi ya kimataifa mtaani. Familia nyingi nazo hazimudu gharama: shirika la Sutton Trust lilikadiria mwaka 2018 kwamba kuishi London wakati wa mafunzo yasiyo na malipo hugharimu zaidi ya pauni 1,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mtandao ulikuwa na kazi ya kufanya hata kabla ya UVIKO-19 kuja. Jukwaa la InsideSherpa lilianzishwa Australia mwaka 2017, na KPMG ya huko ikaweka humo mazoezi yake. Mwaka 2020 jukwaa hilo lilibadilisha jina na kuwa Forage, wakati uleule ambapo wanafunzi wa nchi nyingi walikuwa wamefungiwa nyumbani bila nafasi ya mafunzo popote.

Mazoezi yanayojulikana zaidi pengine ni ya uchambuzi wa data ya KPMG Australia. Mteja wa kubuni anaitwa Sprocket Central, muuza baiskeli na vifaa vyake. Mshiriki hupokea faili la Excel lenye majedwali ya miamala ipatayo 20,000 ya mwaka 2017, taarifa za wateja wapatao 4,000 na anwani zao, pamoja na orodha ya wateja wapya 1,000. Kazi ya kwanza ni kukagua ubora wa data na kumwandikia mteja barua pepe ya kumweleza kasoro zilizomo. Kasoro zimepandwa humo kwa makusudi. Yuko mteja aliyezaliwa mwaka 1843. Jinsia ya kike imeandikwa kwa namna tatu tofauti, mojawapo ikiwa imekatwa herufi ya mwisho. Jimbo moja limeandikwa kwa jina kamili mstari mmoja na kwa kifupi mstari unaofuata. Kazi ya pili ni kupanga namna ya kuwachagua wateja wapya wanaofaa kulengwa na matangazo, na ya tatu ni kuyawasilisha matokeo kwa dashibodi.

Deloitte Australia inaye Daikibo, mtengenezaji wa kubuni mwenye viwanda vinne: viwili Japani, kimoja Ujerumani na kimoja China. Kila kiwanda kina aina tisa za mashine zinazotuma ripoti ya hali yake kila baada ya dakika 10. Mshiriki huchora kwa programu ya Tableau ni kiwanda kipi kilichoharibikiwa mashine zaidi, kisha hufungua jedwali la alama za usawa wa malipo ya mishahara na kuzipanga katika madaraja kwa fomula ya Excel. PwC ya Uswisi nayo hutumia programu ya Power BI na kampuni ya simu ya kubuni inayotaka kujua kwa nini wateja wake wanaihama.

Katika mazoezi yote haya mteja ni wa kubuni, na sababu yake imo ndani ya taaluma yenyewe. Usiri ni mojawapo ya misingi mitano ya kanuni za maadili za kimataifa za wahasibu. Mwanafunzi anayekaa ofisini kwa majuma mawili anaweza kutia saini ahadi ya kutunza siri na kufanya kazi chini ya uangalizi. Kampuni haiwezi kuwafungulia maelfu ya watu wasiojulikana leja ya mteja halisi. Hivyo uwazi uleule unaomruhusu kila mtu kuingia ndio unaozuia kazi halisi isiwemo.

Hata hivyo mazoezi hayo yana mafunzo ya kweli. Kijana ambaye kwao hakuna mhasibu hugundua kwamba kampuni za ukaguzi hazifanyi ukaguzi tu, bali pia kodi, ushauri, uchambuzi wa data na usalama wa mifumo. Hujifunza kwamba kabla ya kuchora grafu sharti data isafishwe, somo ambalo vyuo vingi hulipitia juu juu kwa sababu mwalimu hutoa jedwali lililokwisha kusafishwa. Zaidi ya yote kuna ile barua pepe. Kumweleza mteja kwamba kumbukumbu zake zina makosa, bila kumdhalilisha na bila kuficha ukubwa wa tatizo, ni sehemu kubwa ya kazi ya mkaguzi kijana, na mitihani ya uhasibu haiipimi vya kutosha. Kasoro ni kwamba barua hiyo haina msomaji. Mshiriki akishaipakia hufunguliwa jibu la mfano, kisha ajilinganishe mwenyewe. Mwenye bidii atasoma mifano hiyo kwa makini. Mvivu anaweza kupakia ukurasa mtupu na bado akasonga mbele.

Kinachokosekana huonekana vizuri zaidi ukiulinganisha mwaka ule wa kuzaliwa wa 1843 na makosa ya ofisini. Kosa lililopandwa kwa ajili ya wanafunzi hujitokeza lenyewe, kwa kuwa lengo ni lionekane. Hesabu za kweli zinapokuwa na kasoro, hasa kasoro ya kukusudiwa, zimepangwa zifanane na ukweli: ankara ina namba, salio linalingana, na urari umekaa sawa. Mkaguzi hulitambua tatizo kwa kuuliza swali la pili baada ya kujibiwa la kwanza, kwa kumfuata mhasibu wa mteja mezani pake kudai vocha iliyoahidiwa tangu juzi, na kwa kuona sura ya mtunza stoo anapoombwa afungue chumba cha nyuma.

Historia ya ukaguzi imelipia gharama ya somo hilo. Mwaka 1938 iligundulika Marekani kwamba kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins ilikuwa na mali hewa za takriban dola milioni 19 katika vitabu vyake, zikiwemo shehena za dawa ghafi ambazo hazikuwahi kuwepo na wadaiwa wasiokuwepo. Wakaguzi wake, Price Waterhouse, walikuwa wamekagua karatasi, na karatasi zilikuwa safi. Tangu hapo mkaguzi analazimika kushuhudia bidhaa zikihesabiwa ghalani na kuwaandikia wadaiwa moja kwa moja. Miaka 82 baadaye, Juni 2020, kampuni ya malipo ya Wirecard ya Ujerumani ilikiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizoonyeshwa kuwa zimewekwa katika benki za Ufilipino huenda hazikuwahi kuwepo, ingawa hati za kuzithibitisha zilikuwa zimeonyeshwa. EY ndiyo iliyokuwa imezikagua hesabu hizo kwa miaka mingi. Shaka ya kitaalamu, yaani tabia ya kutokubali hati kwa kuwa tu ni nzuri, ndiyo roho ya ukaguzi. Mazoezi yanayomfundisha mtu kuliamini faili alilotumiwa, akalisafisha na kulichora, humpeleka upande mwingine kabisa. Huenda ndiyo maana mengi ya mazoezi maarufu ni ya data na ushauri: ukaguzi wenyewe hauingii vizuri ndani ya faili moja.

Jambo la pili linalokosekana ni watu. Katika majira ya joto ya 2020 watafiti wa Shule ya Biashara ya Harvard, Iavor Bojinov, Prithwiraj Choudhury na Jacqueline Lane, walifanya jaribio kwenye kampuni kubwa ya kimataifa iliyokuwa imehamishia mafunzo yake mtandaoni. Baadhi ya wanafunzi walichaguliwa kwa bahati nasibu kupata maongezi mafupi yasiyo rasmi na mameneja wa ngazi za juu, kwa video. Hao ndio walioelekea zaidi kupewa ajira ya kudumu, na tathmini zao za kila juma zilikuwa bora. Dakika chache za soga na mkubwa zilikuwa na uzito ambao kazi iliyopakiwa haina. Katika juma la kuifahamu kampuni linalofanywa kwa video, mwanafunzi anaweza kupata kiasi cha maongezi hayo akiwasha kamera na kuthubutu kuuliza, ilhali anayefanya mazoezi ya kuigiza peke yake hana pa kuyapata.

Kwa upande wa kampuni hesabu ni rahisi. Kumpokea mwanafunzi mmoja ofisini kunataka meza, kompyuta na saa za meneja ambaye mteja analipia muda wake. Mazoezi ya mtandaoni yakishatengenezwa, mshiriki wa elfu kumi anagharimu karibu sawa na bure. Kampuni hujitangaza kwa vijana ambao maofisa wake wasingefika shuleni kwao, na huweza kuona ni nani waliomaliza, jambo ambalo ni dalili ya hamu na uvumilivu kabla hata ya kusoma barua ya maombi. Asiyeipenda kazi hiyo hujiondoa mapema, naye huokoa muda wake na wa kampuni. Zipo pia nia njema zilizotangazwa hadharani. Mpango wa Access Accountancy ulianzishwa Uingereza mwaka 2014 ili kuwapa nafasi vijana wa familia zenye kipato kidogo, na mwaka 2021 KPMG ya Uingereza ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 29 ya wabia na wakurugenzi wake wawe wametoka familia za tabaka la wafanyakazi. Lakini lengo la namna hiyo hupimwa kwa walioajiriwa na kupandishwa vyeo. Idadi ya waliojisajili mtandaoni haijibu swali hilo, na ripoti inayoitanguliza inastahili kusomwa kwa jicho la mkaguzi.

Kwa Afrika Mashariki mipango hii ina maana yake. Kampuni zote nne zina ofisi Nairobi na Dar es Salaam, lakini nafasi za mafunzo humo ni chache, na wanafunzi wa vyuo vya uhasibu ni wengi. Mwanafunzi wa Tanzania anayetakiwa kwenda fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, hutembea na barua ya chuo mkononi kutoka ofisi hadi ofisi. Mwenzake wa Kenya hufanya vivyo hivyo kutafuta atachimenti. Mazoezi ya mtandaoni hayaulizi barua wala uraia, nayo yanafika Songea na Lodwar sawa na yanavyofika Sydney, mradi bando lipo. Kikwazo huanza baadaye kidogo. Power BI ya kusakinisha kwenye kompyuta hufanya kazi kwenye Windows tu, na jedwali la mistari 20,000 halifanyiki kwa simu. Anayetegemea simu, kama walivyo wengi, hubaki na video za utangulizi.

Yaliyomo katika mazoezi nayo yanasafiri kwa viwango tofauti. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha vinatumika Kenya tangu 1999 na Tanzania tangu 2004, kwa hiyo somo la mizania au la ukaguzi lililoandaliwa London linaeleweka Arusha bila kubadilishwa sana. Kodi haisafiri. Kodi ya ongezeko la thamani Kenya ni asilimia 16 kwa kiwango cha kawaida, Tanzania Bara ni asilimia 18, na mhasibu kijana wa Dar es Salaam atakutana siku ya kwanza na risiti za mashine za kielektroniki za kodi (EFD), kitu ambacho mazoezi ya Australia hayana sababu ya kukitaja. Fildi ya kawaida, hata ile ya kupanga mafaili ya vocha katika halmashauri ya wilaya, humfundisha mambo hayo bila mtu kukusudia.

Kwa vyombo vya taaluma, mazoezi haya hayahesabiki. Chama cha wahasibu cha ACCA kinataka miezi 36 ya kazi halisi inayothibitishwa na msimamizi, na taasisi ya wahasibu wa Uingereza na Wales inataka siku 450. Saa chache za Sprocket haziingii katika hesabu yoyote kati ya hizo. Forage yenyewe huwashauri washiriki wasiyaweke mazoezi hayo kwenye wasifu chini ya kichwa cha ajira, bali chini ya shughuli za ziada au mafunzo. Ushauri huo hupuuzwa sana. Kwenye LinkedIn wapo vijana wanaojiita waliowahi kufanya mafunzo katika kampuni hizi nne, mwaka mmoja, kampuni zote nne. Mwajiri anayeijua mipango hii hutambua mara moja kilichofanyika, na hapo cheti kilichokuwa na faida ndogo hugeuka kuwa ushahidi dhidi ya mwenyewe.

Thamani ya cheti imepungua pia kwa sababu nyingine. Kazi zilezile hurudiwa na maelfu ya watu, na majibu ya Sprocket na Daikibo yamejaa mtandaoni, dashibodi kamili pamoja na barua pepe. Tangu mwishoni mwa 2022, programu za akili mnemba zinaweza kuandika barua hiyo na fomula zake kwa dakika chache. Cheti hakionyeshi ni nani aliyeifanya kazi, wala hakina msimamizi anayeweza kupigiwa simu. Kinachobaki ni mazungumzo ya usaili. Mwombaji akiulizwa ni kasoro zipi alizozikuta kwenye data na alimwelezaje mteja, aliyelifungua faili lile kwa mikono yake ataanza na yule mzee wa 1843, kisha ataeleza kwa nini kumfuta tu hakutoshi, na ni nani angepaswa kuulizwa tarehe sahihi kabla ya kuendelea.